Haliachii: Safari ya Tarime na Mugumu

Basi letu liliondoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, baada ya Swala ya Alfajiri, likaipita Magu na Lamadi huku ziwa likionekana na kupotea upande wa kushoto. Tulipofika Bunda jua lilikuwa limekwisha panda. Tukapita Makutano, ambapo abiria wa Musoma huteremka, na muda si mrefu tukawa juu ya daraja la Kirumi, pale Mto Mara unapotawanyika ndani ya mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Kuanzia hapo barabara huanza kupanda. Hewa hupoa, migomba huongezeka, na abiria wanaoingia huzungumza Kijaluo, kisha Kikurya, na Kiswahili kinabaki kuwa lugha ya kondakta na ya nauli.

Sikwenda kutembea. Kaka yangu, mfanyabiashara wa nafaka mjini Mugumu, alikuwa amenipigia simu akiwa na sauti ya mtu aliyekosa usingizi. Mkewe, wifi yangu, alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa amekataa katakata kwenda kujifungulia hospitalini. "Dada," aliniambia, "mimi nimesema nimechoka. Hanisikii. Njoo wewe, na upite Tarime umchukue mama yake. Akimwona mama yake huenda akalegea."

Wifi yangu ni binti wa Kikurya aliyesilimu kabla ya kuolewa. Si mwoga, wala si mjinga wa mambo ya kliniki. Alikuwa na sababu yake, na sababu hiyo nitaieleza, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike makala hii katika ukurasa wa familia.

Mama na mjukuu mfasiri

Tarime ni nchi ya miinuko. Mji wenyewe umekaa juu, una shughuli nyingi za mpakani, kwa kuwa Sirari na Kenya viko karibu. Sokoni utakuta ndizi, mihogo mikavu, ulezi na dagaa wa ziwani vimepangwa bega kwa bega. Waislamu si wengi, lakini adhana inasikika mjini, na baada ya Adhuhuri nilipata wenyeji wa kunielekeza njia. Bodaboda ilinipeleka hadi kwenye mji wa mama yake wifi, nyumba kadhaa zikizunguka zizi la ng'ombe, migomba nyuma na shamba la mahindi mbele.

Mama yule ni mtu wa umri mkubwa. Hajasilimu, lakini alikuwa ameniandalia chombo kipya cha kupikia, akasema kwa ishara kwamba hakijawahi kuingia kitu ninachokikataa. Yeye anazungumza Kikurya tu. Mimi ni Msukuma wa Mwanza, Kikurya sikijui. Kati yetu aliketi mjukuu wake wa kidato cha pili, na mazungumzo yote ya jioni ile yalipita mdomoni mwa mtoto huyo.

Nilimwomba anieleze kilichotokea miaka minne iliyopita. Nilikuwa nimekisikia kwa kaka, lakini kaka hakuwemo ndani. Aliyekuwemo ni mama.

Alisema binti yake alishikwa na uchungu usiku, wakampeleka kwenye kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Muuguzi wa zamu alikuwa kijana aliyehamia kutoka mkoa wa mbali, mwenye adabu, aliyekuwa peke yake na wazazi wengine watatu. Usiku wa manane mama aliweka mkono juu ya tumbo la binti yake akashtuka. Yeye amezaa watoto wanane na amewasaidia wanawake wengi wa kijijini. Anajua kwamba uchungu wa kuzaa huja na kuondoka: tumbo hukaza likawa gumu, kisha huachia, mwanamke akapumua. Tumbo la binti yake lilikuwa limekaza na haliachii. Lilikuwa gumu kama ubao, muda wote.

Akamwendea muuguzi akamwambia kwa Kikurya kwamba tumbo haliachii. Muuguzi hakuelewa. Akamwonyesha kwa mkono, muuguzi akadhani anaonyesha maumivu, akamwambia kwa Kiswahili kuwa avumilie, uchungu ndivyo ulivyo. Mhudumu wa usafi, mwenyeji wa Tarime, alikuwa akipiga deki. Alisikia, akafungua mdomo kufasiri, akaambiwa aendelee na kazi yake. Muuguzi, kwa haki yake, aliandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa analalamika maumivu makali. Alfajiri zamu ikabadilika. Karatasi ilikabidhiwa pamoja na karatasi nyingine, lakini hakuna aliyetamka neno. Muuguzi aliyeingia alianza na mzazi aliyekuwa akipiga kelele zaidi.

Wifi yangu hakupiga kelele. Kwao mwanamke hafundishwi kulia.

Daktari alipopita asubuhi na kuweka mkono tumboni, alijua papo hapo. Kondo la nyuma lilikuwa limeachia kabla ya wakati, na damu ilikuwa ikijikusanya ndani pasipo kuonekana nje. Wakampeleka hospitali kwa gari, wakamfanyia upasuaji. Mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha fariki. Mama yake aliokolewa kwa damu za watu, wawili kati yao wakiwa vijana waliotoka msikitini.

Mjukuu alipomaliza kufasiri alikaa kimya. Bibi yake akaongeza sentensi moja, na mtoto akasita kabla ya kuisema. "Bibi anasema, yeye alikuwa na neno, ila halikupata pa kupita."

Ugumu wa kusingiziwa

Usiku ule sikulala mapema. Nilikuwa nikifikiri juu ya jambo ambalo sisi husoma kama habari za mbali.

Nchini Marekani, takwimu za serikali yao za mwaka 2021 zilionyesha kwamba katika kila uzazi hai 100,000, wanawake weusi waliofariki kwa sababu za uzazi walikuwa karibu 70, na weupe karibu 27. Uingereza nayo, wachunguzi wa vifo vya uzazi wamekuwa wakiripoti mwaka baada ya mwaka kwamba mwanamke mweusi yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko mweupe. Si umaskini peke yake. Serena Williams, bingwa wa tenisi, tajiri na mashuhuri, alijifungua mwaka 2017 kisha akapata mabonge ya damu mapafuni. Alijua dalili zake kwa kuwa aliwahi kuugua hivyo, akasema, na kama alivyosimulia mwenyewe, ilimbidi asisitize ndipo akapimwa.

Karibu zaidi nasi ni habari ya ndugu zetu wa Pembe ya Afrika, wakiwemo Wasomali, waliohamia Sweden. Watafiti wa huko walipochunguza vifo vya watoto wachanga wa akina mama hao, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba huduma zenye kasoro zilionekana zaidi kwao kuliko kwa Waswidi, na miongoni mwa kasoro hizo ilikuwemo kutoelewana kwa maneno. Hospitali zilikuwa na vifaa na madaktari walikuwepo, lakini neno lilikwama.

Tunaposoma habari hizo husema, huo ni ubaguzi wa wazungu. Na ni kweli upo. Lakini jioni ile nyumbani kwa mama wa Kikurya nilijiuliza kama sisi weusi, Waafrika, wengine tunaoswali safu moja, hatuna wodi yenye ubaguzi wa namna yake. Tanzania haina wodi ya weusi na ya weupe. Ina mwanamke anayejua Kiswahili na asiyekijua, aliyevaa vizuri na aliyekuja na khanga iliyochanika, aliyetoka kabila la muuguzi na aliyetoka kabila linalotaniwa. Na utani wetu una sumu yake. Nchi nzima husema Wakurya ni wagumu, ni watu wa jeshi na polisi, hawasikii maumivu. Maneno hayo huchekesha barazani. Yakiingia leba huua, kwa sababu anayesadiki kwamba mwanamke fulani hasikii maumivu hatamwendea haraka akisema anaumwa. Huko Marekani nako kumekuwepo imani potofu ya miaka mingi kwamba mtu mweusi ana ngozi nene na maumivu yake ni madogo. Utani wetu ni mtoto wa mama huyo huyo.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Hujurat, inatufundisha kwamba kufanywa kwetu mataifa na makabila ni ili tujuane. Kujuana si kutambua jina la ukoo. Kujuana ni kumsikiliza mtu mpaka umwelewe.

Njia ya kwenda Mugumu

Asubuhi tuliondoka, mimi na mama, kwa gari la abiria linalopita Nyamwaga na Nyamongo. Mama alibeba kifurushi cha unga wa ulezi na kuku mmoja hai, akakataa msaada wangu.

Nyamongo ni mahali penye sura mbili. Upande mmoja kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, lundo la kifusi refu kama kilima, uzio na taa. Upande mwingine kuna vijiji, ng'ombe, na akina mama wanaobeba maji. Abiria walipanda kutoka kila pembe ya nchi, kwa kuwa dhahabu huita watu. Baada ya hapo barabara huteremka kuelekea Mto Mara, mto unaotoka milima ya Mau nchini Kenya, ule ule ambao watalii huja kuwatazama nyumbu wakiuvuka mbugani. Ukisha uvuka uko wilaya ya Serengeti, na lugha huongezeka tena: Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye, pamoja na Wakurya waliohamia na wafanyabiashara kama kaka yangu. Ndani ya gari lile dogo nilihesabu lugha tano. Muuguzi anayepangiwa kazi hapa kutoka Mtwara au Mbeya anaingia katika mkutano huo bila mkalimani.

Kuna jambo jingine ambalo lazima niliseme kwa heshima, kwa kuwa nilikuwa nimeketi na mama wa kizazi kilichopitia hayo. Mkoa wa Mara ni miongoni mwa mikoa ambayo ukeketaji umedumu. Utafiti wa afya ya jamii wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na mjini Mugumu na Tarime zimekuwepo nyumba za kuwahifadhi mabinti wanaokimbia msimu wa Desemba. Ni mila, na wapo Waislamu wa maeneo mengine ya Afrika wanaoifanya wakidhani ni dini; Qur'ani haikuiamrisha.

Nalitaja hapa kwa sababu ya uzazi. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake zaidi ya 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Waliokeketwa walikuwa katika hatari zaidi ya kutokwa damu nyingi, ya kufanyiwa upasuaji, na ya kupoteza mtoto. Basi mkunga anahitaji kulijua jambo hilo kabla ya saa ya kuzaa. Lakini mwanamke huona haya, wengine huogopa sheria, na muuguzi naye pengine hukunja uso. Habari inayohitajika hubaki baina ya mapaja na ukimya. Anayekunja uso amefunga mlango ambao kesho ataupigia hodi yeye mwenyewe.

Tulichokiona wodini

Mugumu ni mji wa wilaya uliokaa ukingoni mwa hifadhi ya Serengeti. Magari ya watalii hupita kuelekea Ikoma. Wenyeji hulinda mashamba yao dhidi ya tembo. Kaka alitupokea stendi. Wifi alipomwona mama yake alikaa chini, akamwekea kichwa mapajani, na kwa muda mrefu hakuna aliyesema.

Siku ya pili alikubali jambo moja tu: twende tukatazame, bila ahadi. Tulifika hospitalini saa moja na nusu asubuhi, wakati wa kubadilisha zamu, na ikawa heri.

Wauguzi wa usiku na wa mchana walisimama pamoja kando ya kila kitanda, si ofisini. Aliyekuwa akitoka alisema mambo manne kwa kila mzazi: yuko katika hali gani sasa, ametoka wapi, yaani mimba ya ngapi na ana historia gani, mimi nadhani tatizo ni nini, na ninapendekeza ufanye nini, lini. Aliyekuwa akiingia hakuitikia kwa kichwa tu. Alirudia kwa maneno yake, na alipokosea saa ya kupima shinikizo la damu, mwenzake alimrekebisha pale pale. Mzazi mwenyewe alikuwa akisikia, akaulizwa kama kuna lililosahauliwa.

Mkunga mkuu, mama mtu mzima, alituketisha baadaye akatueleza. Utaratibu wa mambo manne, alisema, asili yake ni jeshi la majini la Marekani, ambako neno lililopotea lingeweza kuzamisha chombo. Hospitali za huko zikauchukua. Nikakumbuka kwamba mwaka 2004 chombo cha Marekani kinachosimamia ubora wa hospitali kilichunguza visa 47 vya vifo na madhara ya watoto wakati wa kuzaliwa, kikakuta kwamba katika asilimia 72 chanzo kimojawapo kilikuwa mawasiliano mabovu.

"Hapa kwetu," alisema mkunga, "kanuni ni kwamba anayeona hatari anasema. Awe daktari, awe mwenye ndoo ya deki. Na sisi wakubwa tumejifunza kusema 'asante' kwanza, kabla ya kusema 'umekosea'." Akatuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye majina ya watumishi na lugha anazozijua kila mmoja. Mpishi, mlinzi na dereva walikuwemo.

Wifi aliuliza swali lake la kwanza. Damu ikitoka, mtajuaje ni nyingi? Mkunga akaeleza kwamba zamani walikadiria kwa macho, na macho hudanganya. Damu huzama kwenye khanga na godoro. Sasa inajulikana faida ya kuweka chini ya mzazi mfuko wenye alama za vipimo. Damu ikifika kiwango, hawangoji: hukanda mfuko wa uzazi, hutoa dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, na kuchunguza chanzo, yote kwa mfululizo mmoja, kila mtu akijua nafasi yake. Utaratibu huo ulijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 200,000, na matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha kuwa madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Dawa zile nyingi zilikuwepo tangu zamani. Kilichoongezwa ni kipimo kinachosema ukweli na kikundi kinachotenda kwa pamoja.

Naongeza habari nyingine ya nchini mwetu, kwa kuwa sifa njema huweza kutibu hofu. Kuanzia Hospitali ya Haydom, wataalamu walieneza katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya wakunga, wakifanya igizo la dharura kwa midoli, kisha wakikaa pamoja kujadili nini kilikwenda sawa na nini hakikwenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama katika vituo hivyo vimepungua kwa takriban asilimia 75. Kwa taifa zima, utafiti wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Bado ni wengi. Kila mmoja wao ana jina na mama yake. Lakini njia ipo.

Amana ya neno

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar ibn al-Khattab (r.a.), akiwa khalifa, alikuwa akizunguka usiku nje ya Madina akakuta hema la mtu wa jangwani na ndani yake sauti ya mwanamke mwenye uchungu. Mtu yule alikuwa mgeni, hana mkunga. Umar akarudi mbio kwa mkewe Ummu Kulthum bint Ali, akamwuliza kama anataka ujira ambao Mwenyezi Mungu amemletea. Akachukua vifaa vya uzazi, Umar akabeba unga na mafuta. Mke akaingia hemani; khalifa akakaa nje akipuliza moto. Mtoto alipozaliwa, Ummu Kulthum alipaza sauti kutoka ndani kumtaka Amirul Muuminina ambashirie mwenzake, na hapo ndipo bedui akatambua nani alikuwa akimpikia.

Tazama yaliyomo katika kisa hiki kifupi. Mwanamke wa kabila la mbali, asiyejulikana, alipewa mkunga kutoka nyumba ya mtawala. Mkubwa alifanya kazi ya chini. Na neno lilipita pazia upesi, kutoka aliye ndani hadi aliye nje, bila kuogopa cheo. Wauguzi wa Kiislamu wanaosoma ukurasa huu wana kigezo hapa, na sisi wenye wagonjwa tunacho pia.

Maana familia nayo ina sehemu yake. Mume ajue tarehe, kundi la damu la mkewe, na namba 115 isiyo na malipo ya kuita usafiri wa dharura kwa mzazi; asingoje hadi usiku wa kuwatafuta madereva wanaoogopa tembo barabarani. Mama mkwe asimfiche mkunga dawa za mitishamba zilizonywewa. Msindikizaji achaguliwe mtu anayejua lugha ya mzazi na lugha ya hospitali; kama hayupo, ulizeni tangu mlangoni ni nani kati ya watumishi anajua lugha yetu. Usiseme tu "anaumwa". Sema kilichobadilika na tangu lini: tumbo haliachii tangu saa sita, mtoto hajacheza tangu jana, kichwa kinamgonga na macho yanaona giza. Zamu ikibadilika, rudia neno lako kwa aliyeingia, kwa upole. Na vijana wa misikiti wachangie damu kabla ya kuombwa, kwa maana ndani ya Suratul Maida kuiokoa nafsi moja kumelinganishwa na kuwaokoa watu wote.

Usiku wa nne

Wifi hakusema kama amekubali. Tuliporudi nyumbani alifunga tu mkoba wake wa hospitali, akauweka karibu na mlango.

Uchungu ulimshika usiku wa nne. Tulifika kabla ya saa saba. Mkunga wa zamu alikuwa Mhaya wa Bukoba, hajui Kikurya, lakini alipoona mama ameweka mkono juu ya tumbo la binti yake alimwita mlinzi wa getini, kijana wa Tarime, akasimama nje ya pazia akiwa amegeuza uso. "Mwulize mama anasikia nini," alisema mkunga.

Mama alikaa kimya, kiganja juu ya tumbo, akihesabu jambo analolijua yeye. Nilimtazama wifi. Alikuwa amenishika mkono kiasi cha kuniumiza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa akilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Mama akasema. Mlinzi akafasiri kutoka nyuma ya pazia:

"Anasema linakaza, halafu linaachia."

Mkunga akarudia, akiangalia saa: "Linakaza, linaachia. Nimesikia." Akaandika.

Binti alizaliwa kabla ya Alfajiri. Alhamdulillah. Kaka alimwadhinia sikioni huku mikono ikimtetemeka. Mama wa Kikurya aliuliza maneno yale yana maana gani, na mjomba wa mtoto akamfasiria taratibu, neno kwa neno, mpaka akaridhika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu akina mama wote waliofariki katika uzazi, ambao Mtume wetu (s.a.w.) amewahesabu miongoni mwa mashahidi, awape subira walioondokewa na watoto, na awafungulie masikio wale waliokabidhiwa kuwahudumia. Amin.